Bibi Catharine Parr Traill, Mke wa Mkulima

Bibi huyu alizaliwa London mwaka 1802, akakulia katika wilaya ya Suffolk. Mwaka 1832 aliolewa na Thomas Traill, ofisa wa zamani wa jeshi, Mskoti, na mwaka ule ule wakavuka bahari kwenda Kanada. Walipofika Montreal kipindupindu kilikuwa kikiua watu wengi. Naye kikamshika, akapona kwa shida.

Kisha wakaingia mwituni karibu na Lakefield, alikokuwa akilima ndugu yake Samuel. Tusidhani kwamba kufyeka mwitu ule ni kama kufyeka vichaka vyetu: miti ni mikubwa mno, na theluji hufunika nchi miezi mingi. Bwana Traill, twasema kwa heshima, hakuwa mtu wa jembe. Deni likazidi, wakahama shamba hata shamba, na mwaka 1857 nyumba yao ikateketea. Watoto walizaliwa tisa. Wawili walikufa wangali wachanga.

Basi aliyeishika nyumba ni nani? Mama alioka mkate, akachemsha utomvu wa miti hata ukawa sukari, akatengeneza mishumaa na sabuni, tena akaandika vitabu, maana fedha ilitakiwa. Kile cha mwaka 1854 kiliwafundisha wanawake wageni kazi hizo zote.

Mumewe alikufa mwaka 1859. Yeye akaishi miaka 40 zaidi, akichuma mimea ya mwitu na kuichunguza. Kitabu chake kikubwa cha mimea kilitoka mwaka 1885, naye ana miaka 83. Alifariki Lakefield mwezi wa Agosti 1899.