Kitrekta Chekundu Kilicholala Bandani

Leo naomba tuwaache mastaa na ndoa zao wapumzike kidogo, niwape stori ya chuma. Mtakumbuka mwezi wa nne niliweka picha ya kitrekta chekundu cha kukatia majani, kimejaa kutu na utando wa buibui, mkanicheka kweli kweli. Mmoja wenu akaandika kwamba nimevuka bahari kwenda Marekani kuokota skrepa. Haya, leo nimekuja na majibu, ila itabidi tupitie historia kwanza, maana bila historia hamtaelewa kwa nini nilihangaika.

Nakaa mji mdogo kaskazini mwa Indiana. Huku nyasi ni kesi. Ukiziacha zikapanda hadi magotini unaletewa barua, ukiipuuza unaletewa faini. Jirani yangu ni bibi wa miaka 84, mjane. Nyumba yake ilikuwa inauzwa ahamie kwa binti yake, na wanawe walishaongea na mtu wa skrepa aje mwisho wa mwezi wa sita kubeba kila chuma kilichoko bandani. Siku moja bibi akanivuta pembeni. Akaniambia kile chekundu hataki kione mizani. Nikiweza kukiwasha ni changu, nisipoweza basi kiende na vingine. Mumewe alifanya kazi kwenye kiwanda kilichokiunda, miaka mingi tu.

Nikasema nitaweza. Nilisema haraka mno, mtaona mbele.

Sasa turudi nyuma. Zamani Uingereza, bustani za matajiri zilikatwa kwa mundu mrefu wa kushika kwa mikono miwili. Wakataji waliamka alfajiri, umande ukiwa bado, kwa sababu nyasi mbichi yenye maji hukatika vizuri kuliko iliyokauka. Ni kazi ya ustadi, na ni kazi ya watu wengi. Ndiyo maana uwanja wa nyasi fupi ulikuwa tangazo la utajiri: mwenye nao anakuonyesha kwamba ana ardhi asiyoilima na ana watu wa kuinyoa.

Kwenye mji wa Stroud, mji wa viwanda vya nguo, kulikuwa na fundi aliyeitwa Edwin Budding. Viwandani mle mlikuwa na mashine yenye visu vya kuzunguka, kazi yake kunyoa manyoya yaliyosimama juu ya kitambaa cha sufu ili kiwe laini. Budding akaitazama akawaza: kama inanyoa kitambaa, kwa nini isinyoe ardhi? Hati ya kumiliki ugunduzi wake aliipata tarehe 31 Agosti 1830. Bustani ya wanyama ya Regent's Park, London, ilikuwa miongoni mwa wateja wa mwanzo, na mwaka 1832 kampuni ya Ransomes ya Ipswich ikapata kibali cha kuitengeneza. Ilikuwa chuma tupu, nzito, mtu anasukuma na mara nyingi mwingine anavuta kwa mbele.

Baadaye zikaja kubwa za kuvutwa na farasi. Na hapa ndipo ninapocheka kila nikikumbuka: farasi alivalishwa viatu vya ngozi, asije akaacha alama za kwato kwenye nyasi za bwana mkubwa. Miaka ya 1890 wakajaribu mvuke. Mwaka 1902 Ransomes wakaanza kuuza ya petroli. Lakini hizo zote bado zilikuwa mali za wenye majumba makubwa, vilabu na viwanja vya michezo. Mtu wa kawaida hazikumhusu.

Kilichobadilisha mambo ni vita kuisha mwaka 1945. Askari wa Marekani walirudi kwa mamilioni, wakapewa mikopo nafuu ya nyumba, na vitongoji vikaota kama uyoga. Kinachotajwa zaidi ni Levittown, Long Island, kilichoanza mwaka 1947. Ndani ya miaka michache zikasimama nyumba zaidi ya 17,000, kila moja na kipande chake cha nyasi. Na masharti yalikuwepo kwa maandishi: majani yakatwe kila wiki katika msimu wake. Masharti hayo hayo ya mwanzo yalisema nyumba isikaliwe na mtu asiye mzungu, labda awe mfanyakazi wa ndani. Mwaka 1948 Mahakama Kuu ya Marekani ilisema mahakama zisisimamie masharti ya aina hiyo, lakini wajenzi waliendelea kukataa kuwauzia watu weusi kwa miaka mingi baada ya hapo. Kwa hiyo mkiniona mimi, mtoto wa Temeke, nimekaa juu ya kitrekta nakata majani ya kitongoji cha Marekani, jueni kwamba kuna watu walizuiwa kufanya jambo dogo kama hilo kwa karatasi iliyosainiwa. Nililiwaza hilo mara nyingi nikiwa chini ya ile mashine na grisi usoni.

Basi, wenye viwanja vidogo walisukuma mashine kwa mikono. Wenye nusu ekari na kuendelea walitaka kukaa. Hapo ndipo injini ndogo za silinda moja zikapata soko. Na kuna badiliko moja ambalo sisi tuliosoma shule za msingi za Bongo tutalielewa upesi kuliko mzungu yeyote. Mashine ya Budding ilikata kama mkasi, kisu kinapita juu ya kisu. Vitrekta vingi vilivyoenea baada ya vita vilikata kama kwanja: kisu kinazunguka kwa kasi sambamba na ardhi, kinalipiga jani hadi linakatika. Adhabu yetu ya asubuhi ya Jumatatu, wao waliifungia injini.

South Bend, Indiana, haiko mbali na hapa. Huo ni mji wa magari ya kukokotwa: ndugu wa Studebaker walifungua duka lao la uhunzi pale mwaka 1852, wakaunda mikokoteni, baadaye magari ya injini. Ni katika mji huo, mwaka 1946, familia ya Pond, baba na mwana, walianzisha kampuni ya vitrekta vidogo. Vya mwanzo ulitembea nyuma yake. Vya kukalia vikafuata. Kampuni ikaitwa Wheel Horse, yaani farasi wa gurudumu. Katika kundi la farasi wanaovuta mkokoteni, huyo ndiye anayefungwa karibu kabisa na magurudumu. Wa mbele ndio wanaoonekana, yeye ndiye anayebeba uzito, na mkishuka mlima ndiye anayeuzuia mkokoteni usikimbie. Kwa mji wa mikokoteni, sidhani jina zuri zaidi ya hilo lingepatikana.

Desemba 1963 Studebaker waliacha kuunda magari South Bend, maelfu wakakosa kazi. Vitrekta vyekundu vikaendelea kutoka. Mwaka 1974 American Motors wakainunua kampuni, mwaka 1986 ikachukuliwa na Toro. Kitrekta cha bibi ni cha kati ya hapo, nusu ya pili ya miaka ya 1970, injini ya Kohler ya nguvu ya farasi 8. Ndiyo, Kohler hao hao wa masinki na mabeseni ya kuogea.

Haya, bandani sasa. Niliinua bonneti nikakuta upande wa ndani kumeandikwa kwa penseli. Tarehe tu, mstari chini ya mstari. Kila alipobadilisha oili, mzee aliandika. Miaka mingine mara mbili, miaka mingine tatu. Mwandiko wa juu umenyooka, wa chini unatetemeka. Mstari wa mwisho ni 2009. Sikuuliza kilichotokea mwaka huo.

Injini ilikuwa imeshika. Yaani pistoni imegandana na silinda kwa kutu, haizunguki mbele wala nyuma. Mimi ufundi wangu ni wa gereji ya mjomba, pikipiki na jenereta, na nilikuwa na haraka. Nikachukua spana, nikaiongezea bomba refu kupata nguvu, nikaanza kukandamiza. Bahati nzuri nilikuwa nimemrekodia mjomba video kwenye WhatsApp ili nimtambie. Akajibu kwa sauti, na hasira: "Mjomba, acha! Ukivunja hapo hakuna wa kukusaidia. Mimina mafuta kwenye tundu la plagi, ondoka, kalale." (Kwetu mjomba na mpwa tunaitana mjomba wote wawili, msichanganyikiwe.)

Nikamimina mafuta ya giaboksi za otomatiki yaliyochanganywa na asetoni. Nikaenda kulala kweli. Kila jioni naongeza kidogo, najaribu kwa mkono tu, haitaki. Siku ya tisa gurudumu zito la injini likasogea upana wa kidole. Nilipiga kelele mpaka bibi akafungua dirisha.

Nikajua baadaye kwamba bomba lingeniponza kabisa. Injini hizi ni za chuma kizito cha kusubu na zinavumilia mengi, lakini hazina pampu ya oili. Kuna kijiko kidogo chini ya mkono wa pistoni, kinachota oili na kuirusha huku na huku ndani. Oili ikipungua, kijiko kinachota hewa, mkono unavunjika na kutoboa ubavu wa injini. Mzee na penseli yake alikuwa anajua anachofanya.

Chini ya bati linaloelekeza upepo kwenye silinda nilikuta kiota cha panya kimebanana kwenye yale mapezi ya kupoozea. Pamba ya sofa, majani, karatasi za peremende. Ningewasha bila kufungua pale, injini ingejipika. Nawaambia wenye majenereta ya kupoozwa na upepo: fungua hilo bati kwanza kabla hujagusa kingine.

Mengine yalikuwa kazi ya kawaida. Petroli ya zamani ilikuwa imegeuka gundi inayonuka kama vanishi, kabureta ikabidi ifunguliwe yote na kuloweka. Petroli ya siku hizi huku mara nyingi imechanganywa na ethanoli, nayo inavuta maji, kwa hiyo ikikaa ni balaa zaidi. Pointi, vile vyuma viwili vidogo vinavyokata na kuunga umeme wa plagi, nilizipiga msasa na kuweka nafasi ya nusu milimita. Betri mpya, mikanda mipya, beringi mbili za visu. Oili ya giaboksi ilitoka nyeupe kama chai ya maziwa. Maji yalikuwa yanaingia kupitia kipira kilichopasuka chini ya rungu la gia, ugonjwa wa kawaida kwa vitrekta hivi vikiachwa nje.

Rangi sikugusa. Kuna wanaovua kila kitu na kupiga rangi hadi kinang'aa kuliko kilipotoka kiwandani, ni hiari yao. Lakini wakipiga rangi bonneti ndani na nje, zile tarehe zinakwenda wapi?

Ijumaa, siku moja kabla ya mtu wa skrepa, bibi akaleta kiti cha plastiki akakaa mlangoni mwa banda. Nikageuza ufunguo. Kimya. Nikageuza tena. Kimya. Betri nimeipima, nyaya nimezifuata zote, jasho linanitoka, na binti yake amesimama pale amekunja mikono.

Bibi akasema, "Hukanyagi pedali. Yeye alikuwa anakanyaga." Kumbe kuna swichi ya usalama, hakiwaki mpaka klachi ikanyagwe. Nikakanyaga. Stata ikazunguka, injini ikakohoa, ikafa. "Choki yote," akasema, "ikikohoa irudishe nusu." Miaka thelathini alikuwa jikoni anasikiliza kupitia dirisha, hajawahi kukiendesha hata siku moja, na mlolongo mzima alikuwa nao kichwani.

Nikarudisha nusu. Kikawaka. Moshi mweupe ukajaa banda zima, tukatoka wote tunakohoa, binti yake anacheka. Kikatulia chenyewe baada ya dakika mbili hivi, mlio mzito wa taratibu. Bibi hakusema kitu. Akanionyesha kwa kidole kile kipande cha nyuma ya nyumba, nikakikata mistari minne, na mistari haikunyooka. Nilipozima akaomba penseli. Akaandika tarehe mwenyewe chini ya 2009, polepole.

Jumamosi mtu wa skrepa alikuja akabeba vilivyobaki. Alikiangalia kitrekta akataja bei, nikamwambia hakiuzwi.

Sasa kiko kwangu. Kinavuja oili kidogo upande wa kushoto, mjomba anasema ni sili. Nimeagiza.