Datsun 240Z: gari lililoshinda Safari, na kazi ya kulizuia lisife

Mwezi wa nne mwaka 1971, mashindano ya magari ya East African Safari yalipomalizika, gari la kwanza na la pili yalikuwa ya aina moja: Datsun 240Z, gari dogo la michezo kutoka Japani, la viti viwili tu, lenye boneti ndefu na mgongo mfupi. La kwanza liliendeshwa na Edgar Herrmann, dereva mwenye asili ya Ujerumani aliyekaa Kenya, akiwa pamoja na Hans Schüller. La pili liliendeshwa na kijana wa Uganda, Shekhar Mehta.

Wengi walishangaa. Magari ya namna hiyo yalijulikana kuwa ya watu wenye pesa na lami laini, na Safari haikuwa ya lami. Mashindano hayo yalianza mwaka 1953, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika, kwa kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Uingereza. Kwa miaka mingi yalifanyika wakati wa Pasaka, yaani katikati ya mvua, na barabara hazikufungwa: dereva alikutana na malori, ng'ombe na mama wanaotoka sokoni. Maelfu ya kilomita kwa siku chache. Mtu aliyewahi kulala njiani kati ya Bukavu na Goma wakati wa mvua, gari limezama hadi mlangoni, hahitaji kuelezwa zaidi.

Gari hilo lilitolewa Japani mwezi wa kumi mwaka 1969 kwa jina la Fairlady Z. Marekani, ambako Nissan ilitaka kuuza zaidi, mkubwa wa kampuni huko, Yutaka Katayama, aliona jina hilo halitamfaa mnunuzi wa gari la mbio, akalitaka liitwe 240Z, kwa sababu ya injini yake ya lita 2.4. Lilianza kuuzwa huko kwa dola 3,526, bei ambayo magari mengi ya michezo ya Ulaya yalishindwa kuifikia. Katayama alifariki mwaka 2015 akiwa na miaka 105, na hadi mwisho wapenzi wa gari hilo walimwita Bwana K.

Siri ya gari haikuwa ajabu yoyote. Injini yake, L24, ina silinda sita zilizopangwa mstari mmoja, ujazo wa sentimita za ujazo 2,393. Bloku ni chuma cha kumimina, kichwa ni aluminiamu, na kamshafti inazungushwa na mnyororo, si mkanda. Ni ndugu wa injini ya silinda nne iliyokuwa ndani ya Datsun 510, gari la kawaida la familia. Fundi aliyezoea Datsun ya kawaida alipofungua boneti ya 240Z hakukuta mambo mageni, alikuta silinda mbili zaidi na kabureta mbili. Hapo ndipo Wajapani walipowazidi Waingereza na Waitaliano: walitengeneza gari la mbio kwa vitu ambavyo fundi wa mtaani anavijua.

Kuhusu Shekhar Mehta kuna jambo ambalo familia zilizohama zitalielewa haraka. Alizaliwa Uganda, katika familia ya wafanyabiashara na wenye mashamba wenye asili ya India. Mwaka 1972 Idi Amin alitangaza kwamba Waasia wa Uganda waondoke nchini ndani ya siku 90. Mehta akahamia Kenya. Mwaka uliofuata, 1973, akarudi kwenye Safari na 240Z, akiwa na Lofty Drews kando yake. Mwishoni alilingana pointi za adhabu na Harry Källström wa Sweden, naye aliyeendesha Datsun, na sheria ya kuvunja sare ikampa Mehta ushindi. Tena mwaka huo ndio ubingwa wa dunia wa rali ulipoanza, na Safari ilikuwa ndani yake. Baadaye Mehta alishinda tena mara nne mfululizo, 1979 hadi 1982, kwa Datsun nyingine. Alifariki London mwaka 2006. Hakuna aliyeshinda Safari mara nyingi kumpita.

Tuache madereva, tuje kwenye garaji. Leo magari hayo yana zaidi ya miaka 50, na kilichoyaua mengi si injini. Ni kutu. Bati lake lilikuwa jembamba na kinga dhidi ya kutu ilikuwa hafifu. Anayelikagua anaanza chini ya batri, kwa sababu asidi inadondoka hapo na kula bati, kisha inashuka hadi kwenye mhimili wa chini unaobeba injini. Baadaye anainua zulia aone sakafu, anapapasa chini ya milango, anatazama matao ya matairi ya nyuma. Sumaku ndogo iliyofungwa kwenye kitambaa inatosha kumfichua muuzaji mwongo: pale isiposhika, chini ya rangi kuna masitiki, si chuma. Gari lenye rangi inayong'aa na sakafu iliyooza ni hasara kuliko gari la rangi mbaya lenye sakafu nzima.

Injini yenyewe inataka mpangilio wa kutafuta. Gari linakohoa, linakosa nguvu, linakunywa esanse: wengi wanakimbilia kabureta, wanakaza na kulegeza, na jioni gari ni bovu kuliko asubuhi. Mafundi wazee wa magari haya wanasema tofauti. Kwanza valvu, pili moto wa umeme, kabureta mwisho kabisa. Kabureta inasingiziwa makosa mengi ambayo si yake.

Valvu za L24 zinapimwa kwa bati za kupimia unene. Injini ikiwa baridi, valvu za kuingiza zinaachiwa nafasi ya milimita 0.20 na za kutoa moshi 0.25. Nafasi ikiwa kubwa, injini inapiga kelele ya tik-tik kama cherehani. Ikiwa ndogo, valvu haifungi vizuri na inaungua taratibu bila kelele, na hiyo ndiyo hatari zaidi, maana hakuna anayesikia.

Kisha moto. Gari la wakati ule halina kompyuta. Ndani ya delko kuna platini, vipande viwili vinavyogusana na kuachana ili bujii ipate cheche. Vinalika. Nafasi yake ni karibu nusu milimita. Asiye na mashine ya kupimia muda wa moto anatumia ampuli ndogo yenye waya mbili: waya mmoja kwenye koili upande wa delko, mwingine kwenye bodi ya gari. Anawasha kontakti, anazungusha injini kwa mkono polepole, na pale ampuli inapowaka ndipo platini zimeachana, ndipo cheche inaruka. Analinganisha na alama iliyo kwenye puli ya mbele. Fundi aliyekimbia na kuacha vifaa vyake vyote nyumbani bado anaweza kufanya kazi hiyo kwa ampuli ya franga kidogo.

Ndipo zamu ya kabureta. Zilitengenezwa na Hitachi kwa mfano wa SU ya Uingereza. Ndani ya kila moja kuna pistoni inayopanda na kushuka kwa nguvu ya hewa, na juu yake kijirungu kinachoelea ndani ya mafuta mepesi. Mafuta hayo yakikauka, gari linasitasita dereva anapokanyaga, na tiba ni kujaza vijiko vichache, si kununua kabureta mpya. Pistoni ikiinuliwa kwa kidole na kuachiwa, inapaswa kushuka na kugonga chini kwa sauti kavu, ikinata, isafishwe. Kusawazisha kabureta mbili kunafanywa kwa mpira mwembamba: ncha moja sikioni, nyingine mdomoni mwa kabureta, fundi anasikiliza mvumo, anahamia ya pili, anarekebisha mpaka zivume sawa. Nati ya chini inayopima esanse inaanzia kwenye mizunguko miwili na nusu kutoka juu, kisha inarekebishwa kidogo kidogo.

Magari ya mwaka 1973 na 1974 yalipewa kabureta nyingine zenye kichwa bapa, kwa sababu ya sheria za Marekani za kupunguza moshi. Zilileta shida, hasa kwenye joto: gari linasimama dakika kumi, esanse inachemka ndani ya mabomba, injini inakataa kuwaka. Wenye magari wengi walizitoa na kurudisha zile za zamani. Mwaka 1975 likaja 280Z linalopuliza esanse kwa umeme, kwa mfumo wa Bosch. Hapo adui akawa mwingine: soketi za waya zilizoota kutu. Mtu ananunua kifaa cha bei kubwa, kumbe pini moja tu ilitaka kusuguliwa.

Moshi nao una lugha yake. Mweusi ni esanse kupita kiasi. Wa buluu ni mafuta ya injini yanayoungua: ukitoka kwa muda mfupi baada ya kushuka mlima, lawama ni ya mipira ya valvu, ukitoka muda wote, pete za pistoni zimechoka. Wa kuhakikisha hilo anapima mgandamizo wa silinda, anamwaga kijiko kidogo cha mafuta ndani kupitia tundu la bujii, anapima tena. Kipimo kikipanda, ni pete. Kisipobadilika, ni valvu. Moshi mweupe usiokoma, huku maji yakipungua, ni gasketi ya kichwa. Na hapa kuna kosa linalofanyika kila siku barabarani: injini imechemka, abiria wanamwaga maji baridi juu yake. Kichwa cha aluminiamu juu ya bloku ya chuma kinapinda. Iachwe ipoe yenyewe, hata kama safari ni ndefu na watoto wanalia.

Vipuri, ambavyo wengine huita piesi, ndivyo vilivyoamua gari gani lingeishi. Kwa muda mrefu viwanda havikujali magari ya zamani. Mwaka 1996 Nissan iliacha kuuza 300ZX Marekani, na mwaka 1997, ikiwa haina gari la Z la kuuza huko, ilinunua 240Z zilizochakaa, ikazirudisha hali yake ya mwanzo na kuziuza kupitia wauzaji wake. Yalikuwa machache sana, lakini watu waliona kampuni yenyewe ikifanya kazi ya fundi wa mtaani. Wengine walifuata baadaye: mwaka 2017 Nissan ilianza tena kutoa vipuri vya Skyline GT-R ya aina ya R32, Mazda ikaanza kupokea Roadster za kizazi cha kwanza ili zitengenezwe upya, na mwaka 2020 Toyota ikatangaza vipuri vya 2000GT na Supra za zamani. Bei zake si za mtu wa kawaida, hilo lisemwe wazi.

Gari lile lililoshinda mwaka 1971 nalo lilichakaa. Mwaka 2013 wafanyakazi wa Nissan, katika kikundi chao cha kujitolea cha kufufua magari ya zamani, walilichukua na kulitengeneza baada ya saa zao za kazi. Lilipomalizika liliwashwa na kuendeshwa mbele ya watu. Liko Zama, karibu na Yokohama, katika jumba ambalo kampuni inatunzia magari yake ya kale.