Nani Analipia Kila Herufi?

Historia ya kupunguza kasi ni ndefu kuliko historia ya kompyuta. Mwaka 1788 James Watt aliifungia injini ya mvuke kidhibiti chenye mipira miwili inayozunguka. Injini ikikimbia sana, mipira inatanuka na kuvuta valvu, mvuke unapungua. Injini ikizembea, mipira inashuka, valvu inafunguka. Valvu hiyo Waingereza waliiita throtoli, neno lenye undugu na koo. Ni kukaba, lakini kukaba kwa kiasi, ili anayekabwa aendelee kupumua.

Sisi tunaoandika programu za kurasa za intaneti tumelirithi neno hilo. Throtoli ni kuamuru fanksheni ifanye kazi, tuseme, mara moja tu katika kila milisekunde 200, hata kama imeitwa mara hamsini. Ndugu yake, dibaunsi, ametoka kwa mafundi umeme. Ukibonyeza swichi, vipande vya chuma ndani yake havishikani papo hapo. Vinadundadunda kwa milisekunde chache kabla ya kutulia. Taa haijali. Kompyuta inajali, maana inaweza kuhesabu mibonyezo mitano mahali ulipobonyeza mara moja. Dawa ni kusubiri mdundo uishe.

Huku kwetu Rungwe mambo haya hayahitaji maelezo mengi. Mchuma chai harudi kwenye kichaka kilekile kila siku. Anapita, anakiacha wiki moja au mbili, ndipo anarudi. Hiyo ni throtoli. Na mzee anayeongoza kikao haanzi kujibu watu wakiwa bado wananong'onezana. Anangoja patulie. Hiyo ni dibaunsi.

Kwenye kurasa za intaneti haja hii ilichelewa kuja. Zamani ulijaza fomu, ukabonyeza kitufe, ukasubiri ukurasa mzima upakiwe upya. Kitufe chenyewe kilikuwa breki. Desemba 2004 Google ilianza kuonyesha mapendekezo wakati mtu bado anaandika, na Februari 2005 Jesse James Garrett akaipa mbinu hiyo ya kuongea na seva kimyakimya jina la Ajax. Kuanzia hapo kila herufi iliweza kuwa swali.

Gharama ilionekana baadaye. Mwaka 2009 John Hann aliandika jinsi ya kuleta dibaunsi ndani ya JavaScript. Mwaka 2010 Ben Alman akatoa programu-jalizi ya jQuery yenye mbinu zote mbili. Januari 2011 Twitter ikawa somo la wote: ukiteremsha ukurasa, unakwama. Fanksheni ilikuwa imefungwa kwenye tukio la kuteremsha, na tukio hilo hutokea mara nyingi mno kwa sekunde. John Resig, aliyebuni jQuery, alishauri kwamba tukio liweke alama tu, kisha kazi yenyewe ifanywe kila milisekunde 250.

Ungedhani habari imeishia hapo. Mwaka 2013 Facebook ikaitoa React kwa umma, na kurasa zikaanza kujengwa kwa komponenti: vipande vinavyojichora upya kila data inapobadilika. Februari 2019 zikaja huku, na komponenti nyingi zikawa fanksheni za kawaida. Hapo somo la zamani likapotea njia. Komponenti ikijichora upya, kila kilichoandikwa ndani yake kinaundwa upya, pamoja na dibaunsi na saa yake. Mtu akiandika "Mwakaleli" kwenye kisanduku cha kutafutia, herufi tisa zinazaa saa tisa zisizojuana. Kila moja inangoja muda wake kwa utii, kisha inauliza seva. Maswali hayajapungua hata moja, yamechelewa tu.

Nililiona hili likila pesa za watu. Kikundi kimoja cha kuweka na kukopa hapa Lufingo kilipewa programu ya kutafutia majina ya wanachama kwenye simu. Mhazini, mama wa makamo, aliniita.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hebu niambie, hiki kifurushi kinaliwa na nani? Jana nimenunua, leo hakipo, na daftari lenyewe halijafunguka."

Nilifungua kompyuta, nikaiangalia programu ikizungumza na seva. Kila herufi ilikuwa inatuma ombi, na kila ombi lilirudi na orodha nzima pamoja na picha za wanachama. Dibaunsi ilikuwemo, imeandikwa vizuri kabisa, ndani ya komponenti inayojichora upya. Aliyeiandika bila shaka aliijaribu kwenye intaneti ya kasi, na kwake ilionekana kazi safi.

Tiba ni fupi. Fanksheni ya dibaunsi inatunzwa nje ya michoro, kwa useRef au useMemo, ili saa ibaki moja tangu mwanzo hadi mwisho. Komponenti ikiondolewa, saa inafutwa. Na kwa kuwa kwenye mtandao hafifu jibu la "Mwa" laweza kufika baada ya jibu la "Mwakaleli" na kulifunika, ombi la zamani linakatishwa kila jipya linapoondoka. React 18, ya Machi 2022, ilileta useDeferredValue, na wengi wakadhani imemaliza kazi. Inasaidia uchoraji usikwamishe uandikaji, lakini yenyewe haizuii maombi kwenda kwenye seva. Kifurushi kinaendelea kuliwa.

Nchi hii imewahi kujaribu njia nyingine ya kudhibiti. Mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta, miaka tisa tu baada ya Wizara ya Fedha kufunga ya kwanza. Huko ni kufunga valvu kabisa, na injini iliyofungwa kabisa haifiki popote. Watt alitaka kitu kigumu zaidi: injini iendelee kwenda, kwa mwendo ambao mzigo wake unauruhusu.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaoiita mada hii ya kuboresha kasi tu. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, Tanzania nzima ilionja mtandao ambao vijiji vingi huishi nao kila siku. Kwa mtandao wa namna hiyo, milisekunde 300 za kungoja hazimchoshi mtu. Kinachomchosha ni maswali manane yasiyo na maana yanayotumwa kwa jina lake na kwa pesa yake, bila yeye kuulizwa.

Kwa hiyo ukiandika komponenti yenye kisanduku cha kutafutia, usiishie kuuliza kama inafanya kazi. Hesabu imeuliza mara ngapi, kisha piga hesabu kwa bei ya kifurushi cha siku.