Mtanzania huishi miaka mingapi? Takwimu ya umri wa kuishi inavyopatikana na inavyosomwa

Kila tunaposoma kwenye taarifa ya habari kwamba wastani wa umri wa kuishi wa Mtanzania ni miaka 60 na kitu, maswali hufuata. Wasikilizaji wa Kisarawe huuliza: mbona kijijini kwetu wapo wazee wa miaka 80 na bado wanalima mihogo? Wa Kibaha huuliza: mimi nimeshafika 62, ina maana muda wangu umekwisha?

Jibu fupi ni hapana. Takwimu hii haimwambii mtu siku yake ya kufa. Hebu tuone inapatikanaje, na kwa nini taarifa za kaya yako zina uzito ndani yake.

Wastani unavyovutwa chini

Chukua mfano wa kubuni. Watoto 10 wamezaliwa kitongoji kimoja. Wawili wamefariki wakiwa wachanga, kabla ya kutimiza mwaka. Mmoja amefariki akiwa na miaka 30, mwingine 50. Sita waliobaki wamefika uzeeni, wakafariki wakiwa na miaka 70, 72, 75, 78, 80 na 85.

Jumlisha miaka yote waliyoishi: ni 540. Gawa kwa 10, unapata wastani wa miaka 54. Lakini angalia tena orodha: hakuna hata mmoja aliyefariki na miaka 54. Zaidi ya nusu waliishi hadi 70 au kupita.

Kilichoshusha wastani ni wale wachanga wawili. Kama wangepona na kuishi hadi miaka 70 kila mmoja, wastani wa kitongoji kile ungekuwa miaka 68, bila mzee yeyote kuongezewa hata siku moja. Kwa hiyo ukisikia umri wa kuishi ni mdogo mahali fulani, usidhani kwamba hakuna wazee. Uliza kwanza: watoto wangapi wanafariki?

Ndiyo maana pia mtu aliyefika miaka 60 hana sababu ya kuhesabu miezi. Ameshavuka hatari za utotoni na ujanani. Kwa wastani, Mtanzania aliyefika umri huo ana zaidi ya miaka 15 mbele yake.

Wataalamu wanahesabuje?

Haiwezekani kusubiri watoto waliozaliwa mwaka huu wafe wote ndipo tupige hesabu. Wataalamu hutumia kile kinachoitwa jedwali la maisha. Wanatafuta kwanza, kwa kila umri, ni watu wangapi kati ya 1,000 wanafariki ndani ya mwaka. Kisha wanawaza watoto 100,000 wanaozaliwa leo na kupita katika hatari hizo zote, umri kwa umri.

Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba kati ya watoto 1,000 wanaozaliwa hai Tanzania, 33 hufariki kabla ya kutimiza mwaka mmoja. Basi kati ya watoto 100,000, tunawapoteza 3,300 na wanabaki 96,700. Hao nao wanapitishwa kwenye hatari ya mwaka wa pili, wa tatu, mpaka uzeeni. Mwisho, miaka yote iliyoishiwa na kundi zima inajumlishwa na kugawanywa kwa 100,000.

Kwa hiyo takwimu hii ni picha ya hali ya sasa. Inasema: kama hatari za mwaka huu zisingebadilika kabisa, mtoto wa leo angeishi kwa wastani miaka hii. Hali ikiwa nzuri zaidi ataishi zaidi. Ikiharibika, ataishi pungufu.

Vifo vinajulikanaje?

Njia bora ni kila kifo kuandikishwa. Hapa Tanzania Bara kazi hiyo iko chini ya RITA, Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini. Tatizo ni kwamba vifo vingi hutokea nyumbani, mazishi yanafanyika, na hakuna anayefuatilia cheti mpaka litokee suala la mirathi au mafao.

Pengo hilo linazibwa kwa njia tatu.

Ya kwanza ni sensa, inayofanywa na Ofisi ya Taifa ya Takwimu pamoja na wenzao wa Zanzibar. Ya mwisho ilikuwa Agosti 2022, ikahesabu watu 61,741,120. Karani wa sensa huuliza pia kama kuna mtu aliyefariki katika kaya ndani ya miezi 12 iliyopita, alikuwa na umri gani na jinsia gani.

Ya pili ni utafiti wa afya wa kaya chache zilizochaguliwa kwa bahati nasibu nchi nzima. Hapo mama huulizwa kuhusu kila mtoto aliyemzaa, aliye hai na aliyefariki.

Ya tatu ni maeneo ya ufuatiliaji. Katika mkoa wetu wa Pwani lipo la Rufiji, lililoanzishwa mwaka 1998, ambako Taasisi ya Afya Ifakara imekuwa ikizitembelea kaya zilezile mara kwa mara kuandika nani kazaliwa, nani kahama, nani kafariki. Mtu akifia nyumbani, ndugu wanaulizwa dalili alizokuwa nazo ili sababu ya kifo ikadiriwe.

Kazi ya Rufiji haikuishia kwenye makaratasi. Takwimu za Rufiji na Morogoro Vijijini zilionyesha kwamba malaria na magonjwa ya watoto yanaondoa maisha mengi huku yakipata sehemu ndogo ya bajeti ya afya. Halmashauri zikapanga fedha upya, na katika miaka iliyofuata vifo vya watoto walio chini ya miaka mitano vilipungua kwa zaidi ya theluthi moja.

Kwa kuwa vyanzo ni vingi na vyote vina mapengo, mashirika hayatoi jibu moja. Makadirio ya kimataifa ya miaka ya karibuni yako karibu na miaka 66 au 67. Ukisikia tofauti ya mwaka mmoja, usidhani kuna anayedanganya. Angalia ni mwaka gani unaozungumziwa na nani amekadiria.

Ilivyokwama, ilivyopanda

Sensa ya 1988 ilitoa umri wa kuishi wa takriban miaka 50. Ya 2002 ikatoa 51. Miaka 14 ilipita tukaongeza mwaka mmoja tu, kwa sababu katika kipindi hicho UKIMWI uliondoa vijana na wazazi wengi wa umri wa kati.

Kufikia sensa ya 2012, takwimu ilikuwa imevuka 60. Kuanzia 2004 dawa za kufubaza VVU zilianza kutolewa bure, na mwaka huohuo ukaanza mpango wa Hati Punguzo wa vyandarua kwa wajawazito. Chanjo nazo ziliendelea kuwafikia watoto wengi. Vifo vya watoto chini ya miaka mitano vilikuwa 112 kwa kila 1,000 katika utafiti wa 2004/05. Katika ule wa 2022 vilikuwa 43.

Tahadhari ya kulinganisha Kibaha na Kisarawe

Kuna anayehesabu mazishi ya kijiji chake cha Kisarawe, akalinganisha na mtaa wa Kibaha Mjini, akasema huku tunakufa zaidi. Hesabu hiyo inaweza kupotosha. Kibaha Mjini inapokea watu wengi wa umri wa kufanya kazi. Vijijini wanabaki wazee, na wapo waliokuwa Dar es Salaam wanaorudi nyumbani kuugulia. Hivyo makaburi yanaweza kuwa mengi hata kama hatari kwa mtu wa umri uleule ni sawa.

Pia, mkazi wa Kisarawe akifariki Hospitali ya Tumbi, kifo kimetokea Kibaha lakini maisha yake yalikuwa Kisarawe. Mahali alipoishi pasipoandikwa vizuri, wilaya moja itaonekana na vifo pungufu na nyingine na vifo vya ziada.

Kifo kisichoandikwa

Umri nao hukosewa. Wengi husema 60 au 70 kwa kukadiria. Karani mzoefu humsaidia mzee kwa matukio: ulikuwa umeshaoa wakati wa Uhuru? Vita vya Kagera vilikukuta na watoto wangapi?

Lakini kosa kubwa zaidi ni ukimya kuhusu wachanga. Mtoto aliyeishi siku mbili huzikwa kimyakimya, na karani akiuliza, kaya inajibu kwamba hakuna aliyefariki. Huenda ni kwa uchungu, huenda ni kwa kudhani mtoto huyo hahesabiki. Anahesabika. Mtoto yeyote aliyezaliwa hai, akalia au akapumua hata kwa muda mfupi, ni kizazi kimoja na kifo kimoja. Asipotajwa, takwimu zitaonyesha kwamba wachanga wa eneo lenu wanapona, na hoja ya kuongezewa mkunga au vifaa vya kumsaidia mtoto kupumua inapungua nguvu.

Kwa hiyo, msikilizaji: kifo kikitokea nyumbani, mpe taarifa mtendaji wa kijiji au wa mtaa, kisha fuatilia usajili kwenye ofisi ya RITA ya wilaya ndani ya siku 30. Kikitokea hospitali, hakikisha kijiji alichoishi marehemu kimeandikwa sawasawa. Na mdodosaji akibisha hodi, wataje wote, hata aliyeishi siku moja.