Shule Iliyoitangulia Hospitali: Historia Fupi ya ISM, Moshi

Mwalimu Nyerere alipofika Moshi mwezi Machi 1971 kuifungua rasmi hospitali ya rufaa ya KCMC, hospitali hiyo ilikuwa na jirani mdogo aliyeitangulia kuzaliwa. Jirani huyo ni International School Moshi, iliyoanza mwaka 1969. Jina lake limeshabadilika, lakini ukimwambia bodaboda wa Moshi mjini akupeleke ISM hatakuuliza swali la pili.

Chanzo chake hakina makuu. KCMC ilijengwa kwa juhudi za Good Samaritan Foundation, chombo cha makanisa, na hospitali ya ukubwa ule ilihitaji madaktari bingwa na wakufunzi wa uuguzi ambao nchi changa haikuwa nao wa kutosha. Wakaitwa kutoka ng'ambo. Daktari mwenye mke na watoto watatu, ukishamwonyesha nyumba na mshahara, ana jambo moja la kuuliza kabla hajatia saini: watoto watasoma wapi? ISM ndilo lililokuwa jibu. Taasisi nyingi zikifikia umri wa kuandikiwa historia hutafutiwa mwasisi mwenye maono. Hii ilizaliwa na shida ya wazazi, na sioni kwamba kuna haja ya kuificha asili hiyo. Maono yalikuja baadaye, tena yalichukua nusu karne kufika.

Mwaka wa kuanzishwa ndio unaostaajabisha. Azimio la Arusha lilikuwa limetangazwa Februari 1967, na mwezi uliofuata Mwalimu akatoa waraka wa Elimu ya Kujitegemea. Kiswahili kikawa lugha ya kufundishia shule zote za msingi za serikali. Kisha ikaja Sheria ya Elimu ya 1969, iliyoziweka shule za mashirika ya dini chini ya mamlaka ya dola. Kwa Uchagani hilo lilikuwa pigo la nyumbani, maana Walutheri na Wakatoliki walikuwa wamejenga shule karibu kila kilima, na wazazi walizihesabu kuwa zao: walibeba mawe, walichanga fedha za kahawa. Mwaka uleule shule za wenyeji zinabadilishwa mikono, chini ya mlima uleule wa Kilimanjaro inaanza shule ya ada, ya Kiingereza, kwa ajili ya watoto wa wageni. Aliyetaka kulalamika alikuwa na hoja. Lakini serikali nayo ilikuwa na hesabu yake: bila shule hiyo daktari wa mifupa angebaki kwao, na aliyevunjika mguu Same au Rombo asingekuwa na wa kumtibu. Ujamaa, kwa watu wanaoukumbuka kwa hotuba tu, ulikuwa na uvumilivu wa aina hii kuliko tunavyousimulia.

Miaka minane baadaye mambo yalikutana tena. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika na mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa hadi 1983. Moshi iko karibu sana na Taveta ya Kenya; watu waliozoea kwenda soko la ng'ambo asubuhi na kurudi jioni walijikuta wana ndugu wasiofikika. Novemba ya mwaka huohuo Tanzania ilianza kampeni ya elimu ya msingi kwa wote, ile tuliyoiita UPE, na madarasa yakajaa mpaka chini ya miembe. ISM nayo, mwaka huohuo, iliingia katika mfumo wa International Baccalaureate uliokuwa umeasisiwa Geneva mwaka 1968. Ilikuwa miongoni mwa shule za kwanza kabisa barani Afrika kufundisha diploma hiyo.

Msomaji aliyepitia kidato cha tano na sita anahitaji maelezo kidogo hapa. Sisi tulichagua tahasusi: PCM, HGL, CBG, masomo matatu makuu, na kwaheri kwa mengine. Mwanafunzi wa IB anabeba masomo sita kwa miaka miwili. Mpenda fizikia hakwepi lugha mbili na somo la jamii, na mpenda fasihi hakwepi hisabati. Juu ya hayo kuna insha ndefu ya utafiti isiyozidi maneno 4,000, kuna somo la kuhoji tunajuaje tunachokijua, na kuna sharti la kufanya kazi za ubunifu, mazoezi ya mwili na huduma kwa jamii, ambalo asiyelitimiza hapewi diploma hata akipata alama nzuri kiasi gani. Alama za juu kabisa ni 45. Mtihani ni Mei, majibu hutoka mwanzoni mwa Julai, na Mtanzania anayetaka kuingia nayo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam huipitisha kwanza NECTA ilinganishwe na vyeti vya nyumbani.

Sharti hilo la huduma linanirudisha kwenye waraka wa 1967. Mwalimu alitaka shule iwe jamii inayozalisha, yenye shamba, ambayo wanafunzi wake hawajioni wamepanda daraja juu ya wazazi wanaolima. Katika shule nyingi tulizosoma, wazo hilo liliishia kuwa jembe la adhabu: umechelewa paredi, kalime ngwe mbili. Na wakati jembe letu linakuwa adhabu, mtaala ulioandikwa Uswisi ulikuwa unaandaa orodha ya kazi za mikono na za jamii na kuzitaka ziandikiwe tafakuri. Wanafunzi wa Moshi wakatoka kwenda kwa majirani, wakapanda miti, wakakaa na watoto wadogo kuwasomea. Nakubali kuna upungufu: kijana anayetoka kwenye bweni lenye maji ya moto kwenda kumsaidia jirani kwa saa mbili kwa wiki bado ni mgeni, na jirani anamjua kuwa ni mgeni. Hata hivyo ni vigumu kumcheka anayejaribu kufanya kile tulichokiandika sisi wenyewe tukakiacha.

Mlima ndio mwalimu wao mwingine. Mtu anayesimama njia ya KCMC asubuhi isiyo na mawingu anakiona kilele cha Kibo chote mbele yake, na haiyumkiniki shule ikae hapo isiufanye mlima huo kuwa sehemu ya ratiba. Programu ya safari za milimani imekuwa alama ya ISM kwa miongo mingi. Inakwenda kwa ngazi. Wadogo huanza na matembezi mepesi na usiku wa kulala hemani, ambako kazi kubwa ni kujifunza kufunga begi, kupika uji usioungua na kutolia kwa ajili ya mama. Baadaye kuna milima ya Upare, kisha Meru yenye zaidi ya mita 4,500, na wanaovuka ngazi zote hizo hujaribu Kilimanjaro, mita 5,895.

Yeyote aliyekwenda juu anajua kinachofanyika huko. Kwenye vibanda vya Horombo, mita 3,720, watu bado wanataniana. Kibo Hut, mita 4,720, mazungumzo yamekwisha, mtu anakunywa chai bila hamu. Safari ya mwisho huanza usiku wa manane, kwa taa za kichwani, kwenye kokoto zinazokurudisha hatua moja kila ukipiga mbili, na kiongozi wa mlima, mara nyingi Mchaga wa Marangu au Machame aliyepanda mara nyingi asizozihesabu tena, anarudia neno lilelile: pole pole. Hapo mtoto wa balozi na mtoto wa mwalimu wanakuwa na kichwa kinachouma namna moja. Bingwa wa mbio hushindwa mara nyingi kwa sababu anakimbia, na yule mnene wa darasa anafika. Kugeuka njiani kwa sababu mwenzako anatapika huhesabiwa pia, na pengine hicho ndicho kipimo kigumu zaidi kwa kijana wa miaka 17.

Fikra hii ya kumlea kijana kwa mlima na bahari ina mwenyewe. Kurt Hahn alikuwa mwalimu Mjerumani wa asili ya Kiyahudi aliyefungwa na utawala wa Hitler mwaka 1933 na kukimbilia Uingereza. Huko alianzisha shule ya Gordonstoun, na mwaka 1941 akashiriki kuanzisha Outward Bound, mafunzo ya kuwajenga vijana kwa safari za porini na majini. Outward Bound ilifika kwetu mapema kuliko wengi wanavyojua: katika miaka ya 1950 ilifungua chuo Loitokitok, upande wa Kenya wa Kilimanjaro, na vijana wake wakawa wanaupanda mlima kutokea kaskazini. Kwa hiyo wazo la Hahn lilikuwa limeshaizunguka Kibo kabla ISM haijawa na hata darasa moja.

Hahn huyohuyo ndiye mzazi wa United World Colleges, vyuo vilivyoanza mwaka 1962 na Atlantic College, katika kasri la St Donat's huko Wales. Dhana yake ilikuwa rahisi kuitamka na ngumu kuitekeleza: wachukue vijana wa mataifa yaliyopigana juzi, waweke chumba kimoja, wasome, wagombane, wapike pamoja, ukitegemea kwamba ni vigumu kumchukia mtu uliyemwazima sabuni. Barani Afrika chuo cha kwanza katika familia hiyo kilikuwa Waterford Kamhlaba cha Eswatini, shule iliyofunguliwa mwaka 1963 kuupinga ubaguzi wa rangi wa jirani yake Afrika Kusini. Huko ndiko Zenani na Zindzi, binti za Nelson Mandela, walikosoma. Waterford iliingia katika umoja huo mwaka 1981. Bara lilikaa na chuo kimoja tu kwa miaka 38.

Kabla sijafika mwisho wa miaka hiyo, nipitie Arusha. Kampasi ya pili ya ISM ilifunguliwa huko mwaka 1987, na miaka iliyofuata iliipa kazi. Novemba 1994 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa liliunda mahakama ya mauaji ya kimbari ya Rwanda, na makao yake yakawekwa Arusha. Mji wa watalii na wafanyabiashara wa tanzanite ukajaa mawakili, wakalimani na waandishi wa kumbukumbu kutoka kila pembe ya dunia, wengi wakiwa na familia. Mkataba mpya wa Jumuiya ya Afrika Mashariki ukatiwa saini hapohapo Novemba 1999. Mahakama ilifunga milango mwishoni mwa 2015, lakini Jumuiya imebaki na inazidi kukua, na Arusha ni mji ambao shule yenye watoto wa mataifa mengi haihitaji kujieleza.

Mwaka 2019, ikitimiza miaka 50, ISM ilikubaliwa kuwa chuo cha 18 cha United World Colleges na kuchukua jina la UWC East Africa. Kwa mtazamaji wa nje ni bango jipya getini. Kwa ndani ni badiliko la swali. Shule iliyoanzishwa kuwapa nafasi watoto ambao wazazi wao walikuwa wameshafika Moshi sasa ilitakiwa kuuliza nani aletwe, hata kama mzazi wake hajawahi kutoka kijijini. Kamati za kitaifa za umoja huo ziko katika nchi zaidi ya 150, na ndizo zinazochagua vijana wa miaka miwili ya diploma. Msaada wa ada hutolewa kwa kuangalia uwezo wa familia. Wapo pia waliokuja kutoka katika ukimbizi. Vyuo vingi vya familia hii vina vijana wakubwa tu, lakini kampasi za Moshi na Arusha zimebaki na watoto wadogo pia, na jambo hilo nalipenda: mtoto wa chekechea anayepishana koridoni na kijana aliyetoka mbali bila wazazi anasoma kitu ambacho hakimo katika mtaala wowote.

Mwaka mmoja tu baadaye mtihani ukaja. Machi 2020 serikali ilifunga shule zote kwa sababu ya korona, na IB ikafuta mitihani ya Mei duniani kote. Shule za bweni zenye wanafunzi wa mabara yote zilikuwa na tatizo ambalo shule ya kutwa haikulijua: mipaka imefungwa, ndege zimesimama, mtoto anarudi wapi?

Tangu hapo maisha yamerudia mwendo wake, kwa makundi ya milimani, kwaya, mechi za kikapu dhidi ya shule za jirani na kazi za huduma. Ada bado ni kubwa kwa mzazi wa kawaida wa Moshi, na ukuta kati ya shule na mji haujabomoka kwa kubadili jina. Kitu kimoja kinachonipa matumaini ni Kiswahili. IB ina kozi yake kwa wanaoanza bila kujua neno, hivyo kijana anaweza kufika hajui kuagiza chapati na akaketi kwenye mtihani wa Kiswahili miaka miwili baadaye. Mazoezi yake yako nje ya geti, sokoni Mbuyuni na ndani ya daladala, ambako konda hamsubiri mtu atafute ngeli.

Kwa Watanzania njia ya kuingia hupitia kamati yetu ya kitaifa. Anayemaliza kidato cha nne Novemba hupata matokeo yake mwanzoni mwa mwaka, naye huwa na miezi michache ya kuamua kati ya kidato cha tano na safari hii. Si lazima wanaochaguliwa waje Moshi. Wengine hupelekwa vyuo vingine vya umoja huo, huku nafasi za hapa zikichukuliwa na vijana waliochaguliwa na kamati za nchi ambazo wazazi wetu walizisikia redioni tu.