Kaliba 12: hesabu ya plombo, bunduki za zamani, na hatari iliyobaki mu sufuria

Hapa Katanika, sawa na kwingine Kalemie, ukitaja bunduki ya kuwinda watu wanasema tu «kaliba 12». Muwindaji anaijua, na mama anayeuza ndagala pia anaijua. Lakini uliza: hiyo 12 ni kipimo cha nini? Si milimita, juu mdomo wa ile bunduki uko na milimita 18 na nusu hivi. Jibu liko mu plombo, madini yale mazito ambayo Kiswahili cha pwani kinaita risasi. Jina la madini na jina la kinachotoka mu bunduki ni neno moja, na lilitoka kwa Waarabu.

Hesabu ya zamani

Zamani Wazungu hawakupima mdomo wa bunduki kwa rula. Walichukua ratili moja ya plombo safi, ni kusema gramu 454, wakaigawanya kuwa vidonge vya mviringo vilivyo sawa. Vikitoka vidonge 12, kila kimoja kinakuwa na gramu karibu 38, na bunduki ambayo kidonge hicho kinaingia vizuri inaitwa kaliba 12. Vikitoka 16, ni kaliba 16, mdomo wake ni mdogo zaidi. Ndiyo maana namba ikiwa ndogo, bunduki ni kubwa.

Wawindaji wa tembo wa karne ya 19 walifika mpaka kaliba 4: ratili moja inatoa vidonge vinne tu, kila kimoja gramu 113. Mwingereza Frederick Selous, miaka ya 1870, aliwinda tembo upande wa kusini mu nchi ambayo leo ni Zimbabwe, na bunduki ya namna hiyo, ya kujazia kwa mdomo. Ilikuwa inampiga bega kwa nguvu sana.

Bunduki za risasi moja-moja kwetu ziwani

Bunduki nyingi zilizofika Tanganyika mbele zilikuwa magobori: unamwaga baruti kwa mdomo, unasukuma kidonge cha plombo na kitambaa, halafu unawasha. Wafanyabiashara waliovuka kutoka Ujiji kuja Mtowa walizileta kwa wingi, na pamoja nazo vita na utumwa. Tarehe 2 Julai 1890, mkataba wa Bruxelles ulikataza kuingiza bunduki za kisasa mu sehemu kubwa ya Afrika. Zilizoruhusiwa kwa biashara ni zile za jiwe la moto, zenye mtutu laini, na baruti ya kawaida.

Dola ya Wazungu yenyewe ilibaki na bunduki bora. Kapiteni Jacques alipoweka boma la Albertville mwisho wa 1891, na watu wa Rumaliza wakaja kulizunguka mwaka 1892, askari wa Kongo ya wakati ule, Force Publique, walikuwa wanatumia bunduki ya Wabeljiji inayoitwa Albini: milimita 11, risasi moja tu kila mara, unafungua nyuma na kuweka kartushi. Ng'ambo ya ziwa, askari wa Wajerumani walikuwa na Mauser ya 1871, nayo milimita 11, risasi moja. Mpaka Novemba 1914 kule Tanga wengi walikuwa bado nayo. Moshi wake mzito uliwaonyesha adui mahali walipojificha. Waingereza nao walikuwa na Martini-Henry, iliyoanza kutumika 1871.

Plombo laini ao ngumu?

Bunduki hizi za mdomo mpana zilitumia risasi ya plombo iliyoyeyushwa na kumwagwa mu kalibu. Plombo inayeyuka kwa digrii 327 tu, moto wa makaa unatosha. Lakini haikuwa kazi ya kumwaga hivihivi. Kulikuwa na mambo matatu ya kuchagua.

Kwanza, ugumu. Plombo safi ni laini, hata ukucha unaikwaruza. Baruti ikilipuka inaisukuma kwa nyuma, inapanuka na kujaza mtutu, na hewa ya moto haipiti pembeni. Hiyo ni faida. Lakini ikienda mbio sana, inaacha utandu wa plombo ndani ya mtutu, na risasi zinazofuata zinapotea njia. Ndiyo maana waliongeza bati. Risasi ya Martini-Henry ilikuwa sehemu 12 za plombo na sehemu moja ya bati. Kwa tembo na mbogo wawindaji walitaka ngumu zaidi, juu ile laini ilijikunja kwa mfupa bila kufika ndani.

Pili, ukubwa. Mtutu wa bunduki hizi uko na mifereji inayozungusha risasi ili iende sawa. Ikiwa ndogo mno, haishiki mifereji. Ikiwa kubwa mno, inabanwa na nguvu ya baruti inarudi kwa mwenye bunduki.

Tatu, ulaini wa njia. Risasi ya Martini-Henry na ile ya Mauser zilifungwa karatasi, na ndani ya kartushi ya Martini kulikuwa nta ya nyuki. Risasi ya Martini iko na gramu 31, na baruti nyeusi gramu 5 na nusu hivi. Chuma cha bunduki kilitengenezwa kwa ile baruti nyeusi, si kwa nyingine.

Hapo ndipo watu wengi wanaumia. Baruti ya kisasa, hata kidogo, inazaa nguvu ambayo mtutu wa zamani hauwezi kubeba. Na gobori la kienyeji, lile lililotengenezwa kwa bomba la maji, halikupimwa na mtu yeyote. Likipasuka, linapasukia mbele ya uso na mikono ya aliyeshika. Kumbuka pia sheria: amri namba 85-035 ya tarehe 3 Septemba 1985 ndiyo inapanga mambo ya silaha na masasi mu Kongo. Bila kibali, usinunue, usishike, usitengeneze.

Hatari ambayo haitoi sauti

Bunduki za Albini zimekwisha, lakini plombo iko bado mu maparsele yetu. Betri ya gari iliyokufa inapasuliwa, plombo inayeyushwa, inakuwa uzito wa nyavu ao masasi. Mara nyingi moto ni ule wa jikoni, na sufuria ni ya nyumbani.

Plombo ni sumu. Inaingia kwa vumbi, kwa moshi, kwa mikono. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiasi chake mu damu kinachojulikana kuwa salama. Kwa mtoto inaharibu ubongo: anachelewa kusema, anashindwa masomo, na haiponi tena. Mama mwenye mimba anaipitisha kwa mtoto tumboni. Kule Mombasa, mtaa wa Owino Uhuru, watu waliishi karibu na kiwanda cha kuyeyusha betri. Walienda mahakamani, na Julai 2020 hakimu akaamuru walipwe shilingi za Kenya bilioni 1.3. Pesa ni nyingi, lakini hairudishi akili ya mtoto.

Basi tushike haya:

Usiyeyushe plombo ndani ya nyumba, wala mu parsele yenye watoto. Sufuria iliyotumika haipikiwi tena bukari, hata ikisuguliwa namna gani.

Tone moja la maji likiingia mu plombo ya moto, linageuka mvuke mara moja na kurusha plombo kwa macho.

Aliyefanya kazi hiyo anawe kwa sabuni na abadilishe nguo mbele ya kubeba mtoto. Vumbi lake lisifagiliwe likiwa kavu. Lipanguzwe kwa kitambaa chenye maji.

Nyama ya porini iliyopigwa kwa plombo ikatwe mbali kuzunguka tundu, na kile kipande kitupwe. Plombo inavunjika mu vipande vidogo ambavyo jicho halioni. Watoto na wenye mimba waiache kabisa.

Mtoto anayelia tumbo kila mara, anayekataa kula, aliyelegea bila homa, na nyumbani kunayeyushwa betri: mpeleke hospitali, na useme wazi kwa muganga kwamba plombo iko nyumbani. Usipolisema, atatafuta malaria na minyoo, na siku zitapita.

Wazee walihesabu vidonge 12 kwa ratili moja. Sisi leo tuhesabu nani anacheza karibu na ule moto.