Jinsi Majira ya Mvua Yahukumiwavyo Katika Nchi ya Mara



Katika nchi za baridi wako watu ambao, kipupwe kikiisha, hupima theluji iliyoanguka na kuilinganisha na ya miaka iliyopita. Musoma, Bunda na Butiama hazina theluji. Huko kinachohukumiwa ni mvua ya vuli na ya masika. Hukumu hiyo imepita katika njia mbili: kumbukumbu na kipimo.

Tuanze na kumbukumbu. Mtemi Nyerere Burito wa Butiama husimuliwa kuwa alizaliwa mwaka 1860, viwavijeshi walipoivamia nchi. Na neno nyerere kwa Kizanaki ni kiwavi. Wadudu hao huzidi mvua za kwanza zifuatapo ukame. Mwanawe, Julius, alizaliwa Aprili 1922, na kwa kuwa siku ile mvua ilinyesha, akaitwa Kambarage, jina la mzimu wa mvua. Basi majina ya baba na mwana yamehifadhi habari za miaka miwili.

Njia ya pili ni kipimo. Kimo cha Ziwa Viktoria kilianza kuandikwa mwaka 1896. Kwa kuwa sehemu kubwa ya maji yake ni mvua iangukayo juu ya ziwa lenyewe, ziwa ni kama chombo kikuu cha kupimia mvua. Vuli ya mwaka 1961, Tanganyika ilipopata uhuru, mvua ilizidi mno. Hata kufika 1964 maji yalikuwa yamepanda yapata mita 2 na nusu, yakafunika mashamba ya ufukweni. Sababu mojawapo ilikuwa joto la Bahari ya Hindi upande wa Afrika, nalo lilirudi mwaka 1997 na 2019. Mei 2020 ziwa lilifikia tena alama ya 1964.

Hata hivyo, jumla peke yake haitoshi. Miaka miwili yaweza kupata milimita sawasawa, mmoja ukaleta mavuno na wa pili njaa, ikiwa mvua ilikatika mtama ulipokuwa ukichanua. Kwa hiyo mwenye kuhukumu kwa haki na aulize mambo matatu: mvua ilianza lini, ilikatika siku ngapi, na jumla yake ni kiasi gani. Chombo kisichosomwa kila siku hujibu la mwisho tu. Mkulima wa Bunda huyajua mawili ya kwanza, kwa kuwa ghala yake humwonyesha.